Mkojo wa Irakoze

Mkojo uliokuwa ndani ya chupa ya Irakoze haukuwa wa Irakoze. Ulikuwa wa baba yake, Anania, na hilo alilijua yeye peke yake.

Mtoto alikuwa wa mwaka na nusu, anaharisha tangu mahindi yachanue. Siku hiyo, mwaka 1996, Anania alitoka naye kijijini Heru Juu kwa miguu mpaka zahanati. Nesi Esteri akamnywesha mtoto maji ya sukari za aina mbili, moja ya chembe ndogo, nyingine ya chembe kubwa, kisha akampa baba chupa.

"Kinga kila tone la mkojo wake mpaka saa tisa."

"Mkojo wa nini?"

"Ukuta wa utumbo ni kama kikapu cha ulezi kilichosukwa kikashikana. Seli zake zinakazwa na protini. Protini zikilegea, sukari kubwa inapenya, tunaikuta kwenye mkojo. Mtoto wa hivyo tunamlaza, anapata maziwa na dawa."

Anania aliitikia kwa kichwa, asiamini hata neno. Kama tatizo ni kuhara, mbona hawataki choo? Na lile gari mlangoni, lenye namba za kigeni? Kwao mkojo wa mtu hauachwi mikononi mwa mgeni; mwenye nia mbaya huufunga kwenye pembe ya mnyama, mwenye mkojo akakauka. Basi kila Irakoze alipokojoa, akamwaga nyuma ya choo. Chupa akaijaza mwenyewe. Kama ni uchawi, uje kwangu.

Baada ya wiki sita gari likarudi na majibu.

"Baba Irakoze, mwanao ana maajabu," Esteri alisema. "Kanywa sukari mbili mbele yangu, kakojoa bila hata moja."

"Mashine yenu mbovu."

"Hata mwenye afya njema, ile ndogo lazima itoke. Huu ni wa nani?"

"Kwanza mnaupeleka wapi?"

"Nimekuuliza."

"Wangu."

Kezia, mkewe, alimfungua mtoto mgongoni, akamning'iniza kwenye mzani. Kitanda ambacho Irakoze angelazwa kilikuwa kimepewa mtoto wa kijiji cha Kitanga.

Anania akapewa chupa nyingine. Safari hii alikinga kweli, jicho moja kwenye gari.

Wiki sita. Kilo nane na nusu zimekuwa saba na robo. Na hatua nne zimepotea: Irakoze alikuwa ameanza kutembea, kutoka kwa mama yake mpaka kwenye kinu. Sasa hata kusimama hasimami.