Mashine Isiyolalamikiwa

Chumba cha kompyuta cha hospitali kilikuwa kimenyamaza. Mashine zote, isipokuwa moja, zilikuwa zimehamishiwa, programu na kumbukumbu zake zote, ndani ya mashine moja kubwa, kila moja ikiishi humo kama mpangaji kwenye nyumba ya vyumba vingi. Umeme uliookolewa kwa kuzima zile za zamani ungepelekwa wodi ya watoto wachanga, ambako jenereta ilielemewa kila umeme ulipokatika.

Iliyobaki ilikuwa kuukuu, yenye picha za eksirei za zamani. Mafundi wa kompyuta wana desturi yao: mashine isiyojulikana ni ya nani huichomoa waya wa mtandao, kisha hukaa wiki nzima wakisikiliza nani atapiga kelele. Asipotokea mtu, hufuta kila kitu na kuizima. Ni desturi ya kivivu, lakini haikuwahi kumwangusha fundi aliyepewa kazi hii, naye aliiamini kupita kiasi.

Wiki ilipita kimya. Mama wa mapokezi tu ndiye aliyechungulia mlangoni kila asubuhi. "Kazi inaendeleaje, mwanangu?" Fundi alijibu, "Vizuri, mama," bila kuinua macho.

Siku ya kufuta alikuja tena. Safari hii aliingia.

"Ukiizima, vilivyomo vinakwenda wapi?"

"Vinafutika, mama. Hakuna aliyelalamika."

"Ningelalamika vipi? Nimesikia umeme wake unakwenda kwa wachanga." Alishika ukingo wa meza. "Wangu alifia wodi ile, umeme ulipokatika. Picha yake ni moja tu, ya kifua, imo humo. Huwa naifungua asubuhi, wagonjwa hawajafika; wiki hii haikufunguka."

Fundi aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Wiki nzima alikuwa akisubiri kelele, na mwenye msiba alikuwa akimsalimia. Akarudisha waya, akamvutia mama kiti.

"Kaa, mama. Siifuti. Nitaihamisha nzima nzima, iingie kwenye ile kubwa. Umeme wa watoto hautapungua."

Picha ikafunguka: mbavu nyembamba kama njiti, na pembeni mifupa ya vidole vya mtu mzima.

"Hivyo ni vidole vyangu," mama alisema. "Niliambiwa nimshike asitikisike."

Machozi yalimlengalenga fundi, wala hakuyaficha.

"Huko anakokwenda," mama aliuliza, "kuna wengine?"

"Wapo, mama. Wapo wengi."

"Basi mhamishe taratibu."