Jagi la Mama

Nyumbani walimwita Bi Sabuni, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa maabara, kulea bakteria kwenye visahani, na huko hata kalamu aliipangusa kwa spiriti kabla ya kuishika. Mama yake naye aligandisha maziwa kwenye jagi moja la udongo ambalo halikuwahi kuonja sabuni. Kila mara aliacha maziwa kidogo chini, ili mapya yagande kwa hayo. Bi Sabuni alilichukia jagi lile. "Mama, huo ni uchafu," alisema miaka nenda, miaka rudi. Mama alicheka tu, meno yote nje, na umri wake sabini na tatu, daktari wa meno anamsikia kwa watu.

Meno hayo ndiyo yaliyomzindua Bi Sabuni. Mwaka jana alichukua kijiko kimoja cha maziwa yale, akawaweka bakteria waliomo humo pamoja na wale wanaotoboa meno. Wiki haikuisha, watoboaji wakawa hoi. Akaona kazi ya maisha yake imepatikana. Kisha friji ya maabara ikafa wikendi nzima, sampuli zote zikaharibika. Hakulia. Jagi si lipo, alijiambia, nitakwenda mwisho wa mwezi.

Mama hakuufikia mwisho wa mwezi. Aliondoka ghafla Jumanne asubuhi, akiwa anavaa viatu.

Siku ya pili baada ya maziko, Bi Sabuni aliingia jikoni. Jagi lilikuwa limefudikizwa juu ya kabati, linang'aa.

"Nimelichemsha mara mbili," mdogo wake alisema, macho yamemvimba. "Nilijua unakuja, dada. Nikasema leo asikute cha kumuudhi."

Bi Sabuni alichungulia ndani ya jagi; hata tone la maziwa halikubaki. Kisha alitoa kijiti cha pamba mkobani. Huenda bakteria wale waliishi pia mdomoni mwa mnywaji.

"Fungua mdomo, mdogo wangu. Maziwa ya Mama uliyanywa lini mara ya mwisho?"

"Mimi? Tangu darasa la tatu sijayagusa. Si wewe uliyenikataza?"

Kijiti kilibaki hewani.

"Mama alikuwa anayanywa peke yake," mdogo wake aliendelea. "Kila jioni anakuwekea kikombe, anasema labda leo atakuja. Ukichelewa, anakinywa yeye."

Hapo Bi Sabuni akalipakata lile jagi safi, akalia mpaka sauti ikamkauka.