Mama wa Kabini

Butembo nzima ilijua kwamba ukitaka habari ikutangulie sokoni, umwambie Kanyere. Nyumba yake haikuwa na mtoto hata mmoja aliyezaliwa humo, lakini haikuwahi kulala tupu. Wasichana waliokosana na mama wa kambo, wake waliokimbia fimbo, wajukuu wa watu waliosahauliwa na baba zao, wote walipitia kwa Kanyere, wakala sombe yake ya majani ya mihogo, wakamwachia habari zao kama shukrani. Waume wawili walimwacha kwa sababu ya tumbo lisiloshika mimba. Yeye mwenyewe alikuwa akisema, huku akicheka kabla ya wengine, kwamba tumbo lilikataa, basi mdomo ukazaa.

Asubuhi ile alikuja kwenye parkingi ya makamio, yale malori ya mizigo na abiria, kumsindikiza jirani yake Clémence, ambaye mtaa wote ulimwita Mama Luc. Ilikuwa wakati wa vita ya pili nchini, na kila kikundi cha wenye bunduki kilikuwa na msitu wake na barabara yake. Luc, kifungua mimba wa Clémence, alikamatwa na watu wa porini akiwa shambani, jembe mkononi, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona. Sasa Clémence alikuwa akiwapeleka wadogo wa Luc, Delphin na Victoire, kwa bibi yao Beni, kabla Delphin naye hajafikia urefu wa bunduki. Alikuwa amelipia nafasi ya kabini, pale mbele kando ya shofere, kwa kuwa watu wanaokaa juu ya mizigo ndio wanaoshushwa kwanza kila mahali, na wa kabini huheshimiwa kidogo.

Mguu wake mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi ya kamio wakati mwanamke mmoja wa mafuta ya mawese, aliyetoka Manguredjipa, alipomshika kikwembe alichojifunga. Alimwambia kwamba huko, katika nyumba ya kutibia wagonjwa, kuna kijana aliyepigwa risasi ya paja. Jina lake hakulijua. Ila sikio la kushoto lilikuwa limekatika kipande, kama limetafunwa na mbwa.

Luc alitafunwa sikio na mbwa wa jirani alipokuwa akijifunza kutembea. Clémence akarudisha mguu chini.

Hakuna aliyemlaumu. Hata Ézéchiel, shofere, alingoja na kuzima moto wa gari. Lakini Clémence alipoanza kumwomba awachukue watoto peke yao, kwamba bibi yao angekuwa anangoja parkingi ya Beni, shofere akatikisa kichwa.

"Mama Luc, kama wewe unashuka, batoto nabo banashuka. Mutoto wa kabini, na muzazi wa kabini. Ile sheria yangu unaijua."

Wote waliijua, na walijua ilikotoka. Kabla ya hapo Ézéchiel aliwahi kuwapakia watoto wawili waliotumwa na mjomba wao. Kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, wanajeshi waliuliza ni wa nani, na hakukuwa na mtu wa kusema ni wangu. Msichana alirudishwa. Mvulana hakupanda tena kamio ile, na Ézéchiel mwenyewe alilala kwenye shimo lao la wafungwa kama mwizi wa watoto. Clémence aliuliza kama wangeweza kukaa juu ya magunia ya maharagwe. Ézéchiel akajibu kwamba juu ya maharagwe ndiko kunakotazamwa kwanza.

Hapo Kanyere akasema, "Muzazi ni mimi."

Watu wakacheka. Muuza mayai mmoja akamuuliza kama amezaa usiku ule, na mbona hakuwaita.

"Nimezaa sasa hivi," alisema Kanyere. "Hata uchungu sikusikia."

Clémence alifungua kikwembe chake cha juu, akamfunga Victoire mgongoni mwa Kanyere, ili mtoto asikie harufu ya mama yake njiani. Akamwambia neno moja tu, kwamba asimpotezee watoto. Kanyere akamjibu kwamba atawafikisha kama mayai.

Kamio ilipotoka mjini, Kanyere akamhamishia Victoire mapajani na kuwafundisha somo lao. Mpaka Beni, yeye ndiye mama. Victoire alikubali mara moja, na kabla ya kilima cha pili alikuwa tayari akimwita mama kwa kuomba muwa. Delphin alisema mama yao yuko Butembo.

"Ni kwa bariere tu, baba," Kanyere alimbembeleza. "Tukipita, unanirudishia jina yangu."

Mtoto akageuka akatazama migomba. Kanyere hakukasirika. Kusema kweli, alikuwa na furaha ambayo hakuitegemea. Yeye asiyenyamaza hata kanisani alinyamaza, kichwa kimoja kifuani, kingine kikigusa bega lake kila kamio ilipoingia shimoni. Huko Maboya wanawake waliobeba mihogo walisimama kando kuipisha kamio, na mmoja akawapungia mkono. Kanyere akajua wameona nini: mama na watoto wake, wako kabini. Akakaa wima.

Bariere ilikuwa mti wa mkalitusi uliolazwa barabarani juu ya mapipa mawili. Mwanajeshi aliyeisimamia alikuwa mtu wa jimbo la mbali, msema Lingala, na kando yake alikaa kijana mmoja wa kienyeji aitwaye Esdras, aliyemtafsiria maneno na kumwonyesha nani ni nani. Mwanajeshi alitazama ndani ya kabini, akauliza watoto ni wa nani. Kanyere akasema ni wake. Anao wangapi? Ni hawa wawili tu, chef, Mungu hakuongeza.

Ingeishia hapo. Lakini Esdras alimwinamia Delphin kwa upole, kama mtu anayemsalimia mtoto wa dada yake, akamuuliza jina.

"Kasereka Delphin," akajibu mtoto.

Kanyere alikuwa amemfundisha kila kitu isipokuwa hilo. Mgeni angesikia jina tu. Mnande, mwenyeji wa huko, husikia hesabu: kwenye milima ile mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, Kasereka ni wa tatu, na mwenye jina hilo hawezi kuwa mtoto wa mama mwenye mvulana mmoja. Esdras akatabasamu.

"Kasereka bila Paluku? Paluku eko wapi, mama? Na Kambale?"

Kambale wa Clémence alikufa kwa surua akiwa bado ananyonya. Hilo lilikuwa la kweli. Lakini Paluku ndiye Luc. Angesema yuko shuleni, wangeuliza shule gani na kwa nini alikuwa amemficha. Angesema yuko porini, wangekuwa familia ya adui, na Delphin angeshushwa mchana ule ule. Kanyere alitafuta neno lisilozaa swali lingine, akalipata upesi, maana maneno hayakumpotea hata siku moja.

"Banakufa," alisema. "Bote wawili, ndiyo maana nilisema niko na hawa tu. Kambale ni surua. Paluku, tulimuzika mwaka huu."

Angenyamaza hapo. Lakini mdomo wa Kanyere haukujua kuleta habari bila kuivika nguo.

"Tulimuzika na mvua," akaendelea. "Hata sanduku hatukupata, tulimufunga na mukeka. Udongo ulikuwa unateleza, bazee bakashindwa kushuka. Mimi mwenyewe ndiye nilimufunika uso."

Esdras akavua kofia yake, akamwambia pole, mama. Mti ukanyanyuliwa. Na Kanyere alipokuwa akivuta pumzi amgeukie Delphin, mlango ukafunguliwa tena. Yule mwanajeshi alikuwa anakwenda Beni. Alipanda, akasukuma watu, akakaa kati ya Kanyere na mvulana, bunduki katikati ya magoti.

Njia yote iliyobaki Kanyere hakuweza kumweleza mtoto ukweli, maana hakujua mwanajeshi anaelewa lugha zao kiasi gani. Alipitisha mkono nyuma ya mgongo wa mwanajeshi, akautafuta mkono wa Delphin, mtoto akauondoa. Alimkonyeza, mtoto hakumtazama. Alikuwa ametazama kioo cha mbele, na machozi yalikuwa yakimshuka bila yeye kuyafuta. Mwanajeshi akatoa biskuti mfukoni, akampa, akamwambia mwanaume halii. Delphin aliishika mpaka ikawa unga mkononi.

Kwa nini mtoto aamini? Ni kwa sababu maisha yake yote alisikia habari za mtaa zikitoka mdomo ule. Nani ameolewa, nani amefungwa, nani amekufa: Kanyere alijua kwanza, wengine baadaye, na haikuwahi kuwa vinginevyo.

Kwenye parkingi ya Beni, bibi yao Kavira alikuwa amesimama na mkungu wa ndizi kichwani. Mwanajeshi alipofungua mlango tu, Delphin alipita chini ya mkono wake, akaruka, akamkimbilia bibi.

"Mukaka, Luc alikufa. Balimuzika na mvua."

Mzee yule hakulia mara moja. Alishusha mkungu taratibu, kana kwamba ndizi ndizo zingeumia, kisha akakaa mavumbini. Kanyere alifika huku Victoire akining'inia shingoni, akaeleza, akaapa, akaeleza tena. Ni maneno ya bariere. Ni uongo. Luc ameonekana Manguredjipa, mama yake amemfuata. Wanawake wa parkingi walimshika mabega kwa huruma, wakamwambia atulie. Miaka ile kifo kilikuwa kikifika hivyo hivyo, anayekileta akikikana. Hata jioni haijafika, mikeka ilikuwa imetandikwa uani kwa Kavira na moto wa kilio umewashwa. Kanyere alichota maji akaumwagia moto ule, na watu wakasema uchungu umempanda kichwani.

Ilibidi Ézéchiel mwenyewe aitwe kushuhudia. Kavira alimsikiliza, akawashukuru majirani, akawaomba waende nyumbani. Mikeka ikakunjwa. Lakini Delphin alikuwa amekwisha kuomba anyolewe kama mfiwa, na binamu zake walikuwa wamemnyoa. Kanyere alipiga magoti mbele ya kichwa kile kilichong'aa, akamwambia kwamba kaka yake hakuzikwa. Mtoto alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kama ni uongo," akauliza, "ulijuaje kama kulikuwa mvua?"

Kanyere alibaki Beni, maana mtu hawezi kuaga kabla ya kukabidhi. Alifagia, alitwanga, alimtania Victoire, na kila Delphin alipopita aliinamia mchi wake. Kisha siku moja Clémence akatokea barabarani, amekonda, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa amefika Manguredjipa. Kitanda alikionyeshwa. Watu wa porini walikuwa wamekuja kabla yake na kuwaondoa majeruhi wote walioweza kusimama, na muuguzi hakukumbuka jina la yule wa sikio lililokatika. Labda ni yeye. Labda ni mtoto wa mwingine.

Alikuwa bado anasimulia alipokiona kichwa cha Delphin. Akauliza wamefiwa na nani. Mtoto akamwambia, kwa sauti ya mtu anayemwonea mama yake huruma, kwamba asiende tena kumtafuta Luc.

Clémence hakupiga kelele. Alimgeukia Kanyere.

"Mama Luc," Kanyere akaanza, "nilisema ili banipitishe..."

"Unaniita nani?"

"Mama Luc."

"Kama Luc alikufa, mimi ni mama wa nani?" Clémence akaanua kikwembe alichomwazima, kilichokuwa kimeanikwa kwenye kamba, akakikunja. "Batoto yangu umebafikisha, nasema wasingya, asante. Lakini ile neno uliliacha njiani. Mtoto wangu eko anatembea, na kifo chake iko inamungojea kwa bariere. Rudi, ulitoe."

Kanyere hakubisha. Ézéchiel alimpa nafasi juu ya magunia. Hakuwa na mtoto, na kabini ilikuwa na wazazi. Upepo ulimpiga njia nzima. Aliyapanga maneno atakayomwambia Esdras, akayapangua, maana ukimwambia mtu wa bariere kwamba ulimdanganya, unaweza usirudi. Hata hivyo angesema. Kilichomtisha si bunduki. Kilichomtisha ni kuona Esdras akivua kofia tena, bila kumwamini.

Bariere haikuwapo. Wenye bunduki wengine walikuwa wamekuja kutoka upande wa pili, wa kwanza wakaondoka, na barabara ilikuwa wazi kama uwanja. Mapipa yamechukuliwa. Mti wa mkalitusi ulikuwa mferejini, na mwanamke mmoja alikuwa akiupasua kuni. Kanyere aligonga kabini akateremka, akamuuliza habari za Esdras. Mwanamke akasema alikwenda na wale wa kwanza, na kwamba mama yake naye anaulizauliza.

Kanyere alisimama katikati ya barabara, pale pale ambapo mlango wa kabini ulikuwa umesimama siku ile.

"Paluku Luc hakukufa," alisema. "Hatukumuzika. Hakukuwa mvua."

Mwanamke aliacha shoka, akamtazama. Akauliza huyo ni mtoto wa nani. Siku nyingine yoyote Kanyere angejikalia kwenye ukingo wa mfereji, akaanzia kwa mbwa na sikio, na kuni zingelala bila kupasuliwa.

"Wa Clémence," alisema. "Wangu hapana."

Ézéchiel akapiga honi. Kanyere alimwomba yule mwanamke kipande cha ule mti, kidogo tu, cha kushika mkononi, kiwe ushahidi kwamba alirudi kulitoa neno. Hakujua Delphin atakipokea namna gani. Alijua tu kwamba safari hii atakiweka mbele ya mtoto, aseme kimetoka wapi, halafu afunge mdomo.