Mifuko ya Sonmati

Uvundo wa bwawa la Sonmati ulikuwa unaingia hadi kwenye kikombe cha chai. Sitii chumvi. Nyumba yetu imepakana na ngazi zake za mashariki, na wakati wa joto, upepo ukivuma kutoka huko, ungeapa kwamba mtu amekojolea majani ya chai. Wageni walibana pua. Sisi wenyeji tulikuwa tumezoea, na huko kuzoea ndiko kulikonitia kinyaa kuliko harufu yenyewe.

Wala si dimbwi la kunyweshea ng'ombe. Sonmati alichimbwa na malkia, akaozwa kwa dua na sindhuri, ule unga mwekundu wa ndoa, kama binti wa watu, na nguzo ya ndoa yake imesimama katikati ya maji hadi leo. Bwawa lisiloozwa halifai ibada. Huyu anafaa, ndiyo maana tulimuua. Kwetu hakuna anayethubutu kutia kitu cha mungu kwenye pipa la taka. Shada lililonyauka, kalenda ya mwaka jana yenye picha ya Shiva, kadi ya harusi iliyopigwa chapa ya Ganesh, sanamu iliyovunjika pua, vyote sharti viende majini. Basi mtu anazisunda takataka zake takatifu kwenye mfuko wa plastiki, anapiga fundo, anarusha, pwaa! Kisha anaunganisha viganja na kufumba macho, uso umemtulia kama aliyetoa sadaka. Nilikuwa nawatazama kutoka dirishani kwangu nikitamani kuwatemea mate.

Kwa miaka mingi hakuna aliyethubutu kuingia mle. Mfungo wa Chhath ulipofika, wanawake walisimama kwenye mabeseni juu ya mapaa yao na kulitolea jua sadaka wakiwa wamezungukwa na matangi ya maji na nguo za kuanikwa. Mama mkwe wangu, Phuleshwari Devi, naye alisimama kwenye beseni la plastiki lenye picha za bata. Alisimama akilia kwa hasira.

Mwaka juzi, Chhath ilipokwisha, alilipiga teke lile beseni likaviringika hadi ukingoni mwa paa.

"Tena basi," alisema. "Mwakani nakukabidhi ungo wa sadaka, bi arusi."

Mimi nina mvi na mwana anayefanya kazi Surat, lakini kwake mimi bado ni bi arusi.

"Mama, pumzika kwanza. Hujanywa hata maji."

"Sikiliza. Nilizaa wawili wakafa. Wa tatu, huyu mumeo, alizaliwa kama panya aliyenyeshewa. Nikamshika mkononi, nikaingia Sonmati, maji yakanifika hapa." Alijigusa kifuani. "Nikaliambia Jua, niachie huyu, nami nitakufungia mpaka magoti yaniishe, kisha mkwe wangu atashika. Niliahidi mle. Ungo nitautolea mle. Kama si mle, siutoi, nachomwa nao siku ya kufa, na mfungo wa nyumba hii umekufa."

Hakuwa anatishia tu. Nilimjua. Na magoti yake yalikuwa kweli yamekwisha, kupanda ngazi za paa alibebwa na mwanawe.

Mwalimu Kamlakant, mkuu wa shule mstaafu, akaunda kamati ya kusafisha bwawa. Kwetu hata mbuzi akipotea huundwa kamati. Alivaa buti za mpira, akajifunga kitambaa puani, akasimama ngazi ya juu kabisa akipigwa picha. Lakini watu walijitokeza, siwezi kuwanyima haki yao, na mume wangu, Baba Mintu, alikuwa miongoni mwa waliotumbukia kweli. Mkondo wa maji machafu ya mtaa ukageuzwa. Mashine zikavuta maji usiku na mchana. Yalipokwisha, tukakiona tulichokuwa tumekificha.

Niseme tu kilivyokuwa. Tope jeusi linalong'aa, zito, linalotoa mapovu lenyewe. Ndani yake miungu wa kike waliobaki mifupa ya majani makavu na mianzi, nywele zao za bandia zimenasa kwenye nepi za watoto. Mkono wa udongo, vidole vyote vitano vimepakwa rangi vizuri, umeshika konokono waliooza. Mbwa mmoja, nilidhani ni gunia, nikamvuta mguu nao ukaja peke yake. Nilitapika juu ya miguu yangu mwenyewe, nikajifuta, nikaendelea. Mifuko ndiyo ilinimaliza. Ukiupasua mfuko uliokaa majini miaka kumi, maua ya ndani hayawi maua tena, yanakuwa uji wa kahawia wenye joto. Kiran, mke wa fundi cherehani, alifanya kazi ubavuni mwangu na kila mfuko alisema, "Watu gani hawa! Hawana hata haya?" Nami nilimpenda kwa hilo.

Mvua kubwa zikaja, zikamjaza Sonmati. Zilipoisha, tope lililobaki likatulia chini na tukaiona nguzo imesimama na kivuli chake majini, kimenyooka. Mama alishuka ngazi akichechemea, akachota maji kwa kiganja, akayanusa.

"Sasa ndiye yeye," alisema.

Nilikwenda uani nikalia kidogo, kwa furaha, jambo ambalo si desturi yangu.

Kisha ikaja Diwali. Kila nyumba ilinunua sanamu mpya za Lakshmi na Ganesh, ikawasha taa, ikala peremende hadi meno yakauma. Asubuhi yake nikatoka na ufagio wangu kufagia ngazi za bwawa, maana Chhath ilikuwa inakaribia na nilitaka Mama akanyage mahali safi. Nikasikia pwaa.

Kiran alikuwa amesimama ngazi ya chini na kikapu kimejaa mifuko.

"Kiran! Unafanya nini wewe?"

"Namuaga Lakshmi wa mwaka jana, dada. Na wa mwaka juzi. Na wale wa nyuma yake. Wamenijazia stoo, hata mchele sina pa kuweka."

"Tumemsafisha juzi tu! Wewe mwenyewe umebeba tope kwa kichwa chako!"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Ndiyo maana. Ulitaka niwatie kwenye uchafu ule? Hiyo si dhambi? Tumewasubirisha hadi yapatikane maji ya heshima." Akarusha mwingine, akaunganisha viganja.

Nikageuka. Ngazi za kusini zilikuwa zimejaa watu. Za magharibi vilevile. Mtaa mzima ulikuwa ukitupa mashada na vilivyovunjika tu, na kuweka miungu wake wazima wa zamani chini ya vitanda na juu ya makabati kwa miaka, ukingoja kwa adabu, na sasa ulikuwa unawaleta wote kwa pamoja. Kila fundo likitua majini, viganja viliungana. Na huyo Mwalimu Kamlakant alikuwa anakuja na gunia begani.

"Mwalimu! Hata wewe?"

"Vibha, mwanangu, usipaze sauti mbele ya miungu. Huu ni udongo tu. Utayeyuka."

"Na plastiki itayeyuka?"

"Aa, plastiki ni ya kubebea." Akaangusha gunia majini bila kulifungua. "Ungetaka nimtupe Lakshmi jalalani, na maganda ya mayai? Wewe ungeweza?"

Hilo ndilo lililonichoma. Nisingeweza. Nilirudi nyumbani nimeushika ufagio kama mwehu, nikimtukana kila mtu niliyepishana naye, akiwemo ndama wa jirani. Ilipofika jioni maji yalikuwa na michirizi ya rangi nyekundu na ya dhahabu, na mashada yaliyonasa ngazini yalikuwa yameanza kutoa ile harufu. Ile ile. Chai yangu nikaimwaga.

"Nilijua tu," alisema Baba Mintu, akiangalia sakafu. "Watu hawabadiliki. Mama, nikununulie beseni jipya, kubwa, tumalize haya mambo."

"Kesho naingia mimi mwenyewe niitoe mifuko yote," nilisema. "Mmoja mmoja."

Mama alikuwa anachambua ngano ya thekua, vile vileja vya sadaka. Hakuinua kichwa.

"Usiguse hata mmoja, bi arusi."

"Mama, umeona hali ilivyo?"

"Nimenusa. Acheni hivyohivyo. Nitasimama mle mle."

Nilidhani uzee umemfika kichwani. Tulifunga pamoja mwaka ule, mimi kwa mara ya kwanza, bila chakula wala tone la maji, na kwa njaa ile harufu ilikuwa inapanda na kukaa kwenye ulimi. Jioni alilisindikiza jua amesimama katikati ya mifuko inayoelea. Mmoja ulikuwa unamgonga nyonga kila alipoinama. Watu wote walikuwa wamejipanga ngazini na mashina ya miwa na taa zao, wakiimba, na hakuna aliyeona aibu. Niliwaangalia nikasema moyoni, nyinyi ni nguruwe mliovaa hariri.

Alfajiri tukarudi. Maji yalikuwa baridi, na ukungu umelala juu yake. Mama aliingia hadi kifuani, mimi nikabaki ngazi ya mwisho nikimpa nyungo moja moja, za ndizi, za nazi, za thekua. Jua likatoka nyuma ya paa la shule, jekundu. Akamaliza. Hapo ndipo mfungaji hupanda juu na watu kumshika miguu, kisha kumkingia nguo au viganja awape chakula kilichobarikiwa. Alichotoa mfungaji siku hiyo hakikataliwi. Waziri angekuja, angekinga.

Mama hakupanda.

"Njooni huku," alisema. "Miguu yangu haipandi."

Wakashuka. Wa kwanza Mwalimu Kamlakant, kwa cheo chake, amekinga ncha ya shali mpya; yeye na Mama huitana shemeji kwa utani wa mtaa.

"Shemeji, nipe na mimi. Kubwa kubwa, unajua nakupenda."

"Nakupa, shemeji yangu. Wewe nitakupa kubwa kuliko wote."

Akazamisha mkono hadi begani, akavuta. Lile gunia lilitoka likichuruzika maji ya rangi, na Mama, ambaye njiani asubuhi ile hakuweza kubeba hata nazi, alilitua ndani ya shali ya Mwalimu.

Maji mekundu yalimtiririkia Mwalimu tumboni hadi kwenye viatu.

"Shemeji, hiki..."

"Ni mungu, umepewa na mfungaji. Unakataa?"

Hakukataa. Angekataaje mbele ya mtaa mzima? Aligusa gunia kwa paji la uso, kama inavyopasa, akapanda ngazi amelikumbatia. Nyuma yake alikuwa Kiran, naye alikuwa ameshakinga ncha ya sari yake. Alijaribu kuikunja.

"Usikunje, mwanangu. Hawa ni wako, wapo wanne." Mmoja baada ya mwingine. Kiran alikuwa analia, sijui kwa haya au kwa sari.

Waliokuwa nyuma walitaka kuondoka, lakini nani ataonekana akikimbia sadaka ya Chhath? Wakashuka, wakakinga, wakapokea. Njaa yangu ilinitoka. Sijawahi kushiba namna ile.

Wa mwisho alikuwa Baba Mintu. Alishuka taratibu, akakinga viganja vitupu.

Mama alimtazama sana. Kisha akasogea hatua mbili upande wa nguzo, akatoa mfuko mdogo uliokuwa unaelea hapo. Ulikuwa umefungwa kwa kipande cha sari ya kijani, ile sari yake ya zamani tunayopangusia jikoni.

Nilimtazama mume wangu, naye hakunitazama.

"Mama, nilitupa mmoja tu," alisema kwa sauti ya chini. "Kila mtu alikuwa anatupa."

"Mmoja tu." Akamwekea mfuko viganjani, akavifumba viganja vyake kwa mikono yake miwili. "Nilisimama hapa hapa nikikuomba, Lalan mwanangu. Maji yalikuwa safi, nikayanywa. Bi arusi, ingia."

Niliingia. Kinyaa kilinipanda kutoka kwenye nyayo hadi kwenye meno. Mama akanipa ungo wake, umelowa, mzito, kisha akamgeukia mwanawe.

"Mwakani ni yeye atakayesimama humu kukuombea uhai. Ukiwa na cha kutupa, mtupie usoni, umwone anavyokitazama."

Baba Mintu alibaki amesimama na mungu wake mkononi. Chini ya maji kitu laini chenye fundo kikanigusa mguu. Nikainama, nikakishika, nikainua macho kuwatafuta waliokuwa wamebaki ngazini.