Bloku Iliyofunikwa Mapema

Karakana ile ilikuwa na mwiko mmoja: silinda hedi, kifuniko cha injini, haifungwi kabla macho ya pili hayajachungulia ndani ya bloku, mwili wenyewe wa injini. Kwa hiyo Mama Fundi alipofika asubuhi akakuta injini ya gari la mbio imekwisha fungwa, tena imepigwa rangi inang'aa kama sufuria ya wageni, damu ilimpanda kichwani. Gari hilo kesho lingeendeshwa na binti yake wa pekee, turbo ikiisukumia injini hewa mara mbili ya kawaida.

Shemeji yake, mshirika wake wa kazi, aliyeitwa Kasuku kwa wingi wa maneno, akaapa kwamba bloku ni ile ngumu waliyokubaliana. Ameigonga kwa nyundo, imelia vizuri. Kuta zake za nje nene kama za benki.

"Shemeji, mimi sikuolewa na nyundo," Mama Fundi akasema. "Fungua."

Kasuku akafungua huku akinung'unika. Mama akainama.

Haya, tegua: vikombe vinne ndani ya beseni, maji yamevizunguka mpaka mdomoni, hakuna kinachokishika kingine. Ndiyo bloku hiyo, na vikombe ndizo silinda zake. Ile ngumu huzibwa juu kwa chuma, ikaachiwa vitundu tu vya maji, silinda zikashikwa shingoni zisitikisike. Hii, turbo ikikazana, silinda zingecheza kama meno mabovu, gasketi inayoziba maungio ikapasuka, maji na mafuta yakamwagika chini ya matairi, na binti yuko katikati ya kona.

"Yaani umenunua nyumba kwa kutazama ua?"

Aliyejibu ni binti, mlangoni, kofia ya mbio kwapani.

"Mwache baba mdogo. Macho ya pili yalikuwa yangu. Niliona, nikamwambia iko sawa. Ile ngumu isingewahi kufika, Mama, na mbio hizi nimezingoja tangu mwaka juzi."

Mama Fundi alichukua spana akaanza kulegeza bolti zilizoshika injini.

Binti akasema hatamsamehe kamwe.

"Usinisamehe. Ila uwe hai wa kuninunia."

Akaipiga ndoo teke, akatoka. Kasuku akasogea kusaidia, akaonyeshwa mlango kwa spana. Nje, binti alisikika kwenye simu akiwaambia wenye mashindano wamfute, kila neno akilitema. Mama akahamia bolti ya pili.