Picha Iliyokatwa Miguu

Chai ilimpolea mezani mpangaji kurasa, na hakuitamani tena. Alikuwa amefika sura ya saba ya mswada, na sura ya saba ilimhusu yeye.

Kitabu kiliitwa Moyo Ndio Unaoruka. Kilikuwa cha mafunzo ya maisha kutoka uwanja wa mpira wa kikapu, kila sura na funzo lake, na kila funzo limevalishwa suti na tai. Aliyekiandika ni Kocha mmoja mstaafu, ambaye siku hizi alizunguka mashuleni kuwahutubia watoto. Kazi ya mpangaji kurasa ilikuwa kuweka maneno na picha mahali pake, basi. Maoni yake hayakuulizwa. Sura sita za kwanza alizipanga amekunja uso, kama mtu anayesafisha jiko la jirani mchafu. Hajawahi kuona binadamu anayejisifu kurasa sitini bila kuvuta pumzi.

"Tulikuwa na msichana tukimwita Springi," ilianza sura ya saba, "kwa jinsi alivyoruka. Siku ya fainali kifundo chake cha mguu kiliteguka kidogo. Akanitazama machoni akaniambia, Kocha, nifunge nirudi. Nikamfunga kwa tepu ya kahawia ya maboksi, maana mwenye moyo hangojei bandeji. Akarudi, tukashinda, wenzake wakambeba juu juu. Baada ya wiki moja alikuwa anaruka kama kawaida."

Wiki moja! Springi mwenyewe aliinama akautazama mguu wake wa kushoto chini ya meza, ndani ya kiatu kipana kisicho na kisigino. Miaka ishirini na miwili, mara mbili kwenye meza ya upasuaji, na tangu siku ile hajaruka hata dimbwi la maji. Hakusema kamwe "nifunge nirudi." Alisema, "Kocha, mguu umelia." Na Kocha akamjibu, "Kilicholia ni kiatu. Ingia."

Hospitalini Kocha hakukanyaga, wala hakutuma salamu.

Na kama ni mafunzo, Springi alikuwa nayo pia, ila hakuyapata kwa kuruka. Msimu uliofuata aliumaliza kwenye benchi, magongo pembeni, akitazama wenzake wakicheza. Huko ndiko alikoona kwamba pasi nzuri hupelekwa mahali ambapo bado hapana mtu. Akaanza kuona nafasi tupu kila alipogeuza macho, uwanjani, chumbani, kwenye karatasi. Jicho hilo ndilo lililompa kazi hii. Ukurasa alioupanga ulipumua, wote ofisini walijua. Katika kitabu kizima cha Kocha hapakuwa na mstari mmoja kuhusu waliokaa benchi.

Saa nne Kocha alifika mwenyewe, ametanguliwa na manukato yake, na bahasha ya picha kwapani.

"Shikamoo, Kocha," alisema Springi. Salamu ilimtoka kwa mazoea.

"Marahaba, binti. Wewe ndiye fundi wa kurasa? Haya, niangalizie hii, ndiyo roho ya kitabu."

Hakumtambua. Alitandaza picha mezani. Wasichana sita wamembeba wa saba mabegani, na wa saba anacheka meno yote nje. Kocha aliweka kidole, chenye pete nene, kwenye kiuno cha yule wa saba.

"Hapa, kata. Huku chini hakuna la maana."

"Huyu yuko wapi siku hizi?" Springi aliuliza, akishangaa sauti yake ilivyotulia.

"Nani, Springi? Sijui kaishia wapi. Nadhani kaolewa huko, kasahau mpira. Lakini hadithi yake, binti, watoto wanalia! Juzi nimeisimulia shule moja, mpaka walimu wametoa leso."

Springi aliinuka apeleke picha kwenye skana, kule pembeni ya chumba. Hatua nane, na kila hatua bega la kushoto likishuka. Kocha alimtazama akienda, akatoa sauti ya huruma.

"Oo, pole, binti. Umezaliwa hivyo?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kumpa ukweli wake. Maneno yalikuwepo, ameyatafuna miaka yote hiyo. Badala yake ukamtoka ule uongo wake wa siku zote, laini, uliozoea njia.

"Hapana, Kocha. Nilianguka na baiskeli."

"Mungu mkubwa," alisema Kocha, akachungulia saa yake.

Alipoondoka, Springi alikwenda kunawa mikono, akainawa mara mbili, na bado alijiona mchafu. Kocha alimchukiza, ndiyo, lakini aliyemtia kichefuchefu hasa ni huyu mwanamke kwenye kioo, mtu mzima na akili zake, anayemsaidia mwongo kudanganya. Baiskeli! Hakuwahi hata kuwa na baiskeli. Aliibuni kwa sababu aliona heri kuangushwa na baiskeli kuliko kuangushwa na kocha aliyekuwa akimwita baba.

Alirudi nyumbani jua bado lipo. Bintiye wa miaka kumi na minne alikuwa kwenye kochi, amekunja uso, anasukuma mguu wa kulia ndani ya kiatu cha mpira. Kiatu kilikuwa kinakataa. Juu ya soksi nyama ilikuwa imefura.

"Hiyo nini?"

"Si kitu, Mama. Nimetua vibaya mazoezini. Kesho ni nusu fainali."

"Kesho huchezi."

"Nacheza! Mguu ni mguu tu, moyo ndio unaoruka." Akasema kwa fahari, kidevu juu. "Kuna kocha mmoja mkubwa alikuja shule wiki iliyopita. Katusimulia ya dada mmoja aliyecheza kaumia. Na wewe si ulibebwa vilevile?" Akaelekeza kidevu ukutani.

Ukutani, juu ya televisheni, ilining'inia nakala ya picha ileile. Springi aliitundika mwenyewe kabla mtoto hajazaliwa, akamkuza akimwambia, siku hiyo tulishinda, siku hiyo mama yako alibebwa kama malkia. Sasa aliikaribia. Aliitazama kama mara ya kwanza. Ndani ya fremu kulikuwa na pambo la kadibodi jeupe, amelikata kwa wembe wake wa kazi, kwa ustadi, kingo zimenyooka. Lilifunika picha kuanzia kiunoni kwenda chini. Palepale alipoweka kidole Kocha.

Basi Kocha alikuwa amechelewa. Miguu ilikwisha kukatwa zamani, na aliyeikata ni mwenyewe.

Aliitoa fremu ukutani, akang'oa misumari ya nyuma kwa kisu cha mezani, akavuta kadibodi. Akamwekea mtoto picha mapajani.

"Tazama mguu wangu."

Mguu wa kushoto haukuwa na kiatu. Ulivimba kama mto wa kulalia, umezungushiwa tepu ya kahawia hadi kwenye shavu la mguu, na vidole vilitazama pembeni, upande ambao vidole havitazami.

Msichana aliisogeza picha karibu na macho.

"Si ulisema baiskeli?"

"Nilikudanganya. Hakuna baiskeli. Dada wa ile hadithi ni mimi, na hiyo wiki moja ni uongo. Walinibeba kwa sababu nilikuwa siwezi kutembea."

"Mbona unacheka?"

"Kocha aliniambia, cheka, kuna kamera. Nikacheka, mwanangu. Na leo kaja ofisini na kitabu chake, kaniuliza kama nimezaliwa hivi, nikamjibu kwa adabu. Naona kinyaa kujisikia. Kesho naipeleka hii kwa bosi na miguu yake. Kama hawaitaki nzima, wamtafute mwingine wa kuwapangia."

Mtoto aliinama, akavuta begi lake la mazoezi, akapekua chini ya jezi. Alitoa kitu akakishika kiganjani bila kumtazama mama yake. Kilikuwa duara jipya la tepu ya kahawia ya maboksi.

"Yule kocha alitugawia," alisema. "Timu nzima. Kila mtu na yake."

Springi alikaa kando yake kwenye kochi.

Mtoto alikata kipande cha tepu kwa meno, halafu cha pili. Akarukaruka kwa mguu mmoja mpaka ukutani, akaibandika picha bila fremu, nzima, mguu ule ukiwa juu kidogo ya televisheni ambapo kila anayeingia angeuona.

"Kesho asubuhi utaibandua upeleke," alisema, akarudi kwenye kochi na kuanza kufungua kamba za kiatu. "Mama, barafu tunayo?"