Chaji ya Kungoja

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Hilkka Moilanen alisimama kwenye ngazi za jengo la tatu na kuitoa simu ya kazi kwapani. Nje, hapo mjini Kajaani, baridi ilikuwa digrii ishirini na sita chini ya sifuri. Simu ilitoka ofisini ikiwa na asilimia mia. Sasa ilikuwa arobaini na moja, na bado alikuwa na wazee kumi na mmoja wa kuwahudumia majumbani mwao kabla ya saa tisa.

Simu ile ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Ilimwambia aende kwa nani na akae dakika ngapi. Ilifungua milango ya wazee, maana funguo za chuma kampuni ilizikusanya zote mwaka juzi. Ikizimika, Hilkka alibaki kuwa mtu tu aliyevaa koti zito mbele ya mlango uliofungwa, na mzee aliyekuwa ndani alihesabika kuwa hajatembelewa.

Alishafanya kila linalofanywa. Alipunguza mwanga wa kioo mpaka majina akawa anayasoma kwa kukisia. Alizima mtetemo, akazima milio. Aliivisha simu soksi ya sufu, akaitembeza kifuani, kisha kwapani. Betri ya kubeba aliyojinunulia iliganda siku ya pili, na kuchaji kwa umeme wa wateja kulikatazwa. Alipoomba simu mpya alijibiwa kwamba zitabadilishwa zote kwa pamoja majira ya vuli. Huo ulikuwa mwezi wa Januari. Alikuwa ameanza kula chakula chake cha mchana akiwa amesimama, jicho moja kwenye namba ya chaji.

Kwa Mzee Eino Karppinen alifika na asilimia tisa.

Eino alikuwa na miaka themanini na minane, na kati ya hiyo thelathini na mitano aliendesha lori la maziwa. Simu ilimpa dakika kumi na nne kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa: vidonge, dawa ya macho, soksi za kubana miguu.

"Umechelewa dakika nne," alisema. "Nilishakufa, nikachoka kufa, nikafufuka."

"Samahani, mzee. Barafu."

"Barafu iko hapa tangu sijazaliwa. Usiisingizie."

Soksi zile zinataka mikono miwili na nguvu. Hilkka alimpa Eino simu amshikie, akapiga magoti. Aliponyanyuka, simu ilisoma hamsini na mbili.

Aliitazama, akaitia kwenye soksi yake ya sufu, akaandika katika nafasi ya maelezo ya ziada: *Simu imeongezeka chaji mikononi mwa mteja.* Kisha akaenda kwa mteja wa sita.

Baada ya hapo akawa anampa kila mara, na kila mara akaandika. Jumatatu simu ilijaa. Jumatano na Ijumaa ilifika nusu, au zaidi kidogo ya nusu. Alipochelewa, iliongezeka zaidi. Alidhani ni joto la mikono, lakini mikono ya Eino ilikuwa ya baridi kuliko yake.

"Si joto," Eino alisema alipoulizwa. "Ni kungoja. Ukitoka Ijumaa mimi nakaa hapa mpaka Jumatatu. Unadhani kungoja kote huko kunakwenda wapi? Lazima kunarundikana mahali."

"Basi yawezekana," Hilkka alisema, akamtia dawa ya macho.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na miaka arobaini na sita, kazi hii ameifanya kumi na tisa, na wazee walimpenda. Lakini Ijumaa moja, akiwa na asilimia nne, alifika mlangoni kwa Eino mapema, akasimama kwenye ngazi dakika sita nzima bila kubonyeza kitu. Alimsikia ndani akiburuta viatu vyake vya nyumbani, akija mpaka mlangoni na kurudi, akija na kurudi. Alipoingia, simu ilipanda hadi sabini na tatu. Jioni ile hakula.

Wiki ya likizo ya Februari, Anneli, binti yake Eino, alikuja kutoka mji wa Oulu na mabegi mawili. Hilkka alipofungua mlango Jumatano alikutana na harufu ya kahawa na mikate ya iliki. Eino alikuwa mezani amenyoa ndevu, anasimulia jinsi lori lilivyomwaga maziwa mbele ya kanisa na paka wa mji mzima wakaja. Anneli alikuwa akicheka mpaka anafuta machozi.

Hilkka aliomba ashikiwe simu. Ilikuwa asilimia tatu. Alipomaliza soksi ya pili ilikuwa bado tatu.

"Leo sina kitu, binti," Eino alisema. "Huyu amenimaliza kwa maneno."

"Afadhali, mzee," Hilkka alisema. Alifurahi kwa ajili yake kwa dhati, na bado akaitazama ile tatu tena.

Mteja aliyefuata alikuwa Saimi Heikkinen, upande wa pili wa uwanja, ghorofa ya chini. Simu ilizimika Hilkka akiwa katikati ya theluji. Alibonyeza kengele, akagonga. Simu yake mwenyewe ilikuwa ofisini kabatini, kama kanuni inavyotaka. Akainama, akasukuma kifuniko cha tundu la barua chini ya mlango.

"Bibi Saimi?"

"Niko hapa," sauti ilijibu, karibu sana, kutoka chini. "Niko sakafuni. Nilikuwa naliendea gazeti."

"Unaumia wapi?"

"Nyonga. Mguu umekataa amri yangu."

"Tulia hapo hapo. Nakimbia kwa Eino, napiga simu, narudi sasa hivi."

"Usiende, mwanangu. Kila mtu anasema anarudi."

Vidole vinne vilitokeza kwenye tundu la barua. Hilkka alivua glavu, akavishika. Vilikuwa vikavu na vyepesi. Alitazama nyuma, uwanja ulikuwa mtupu. Kisha akaitoa simu kwenye soksi na kuisukuma ipite tunduni.

"Ishike hii, bibi."

"Nifanye nayo nini?"

"Ishike tu."

Hilkka alihesabu pumzi zake mwenyewe zikiganda kwenye kola ya koti. Alifika ya kumi na moja.

"Imewaka," Saimi alisema. "Inasema tisini na nane. Hapana, imejaa."

"Bonyeza panapoandikwa *fungua*."

Kitasa kilitoa mlio, Hilkka akausukuma mlango polepole asimgonge. Aliita gari la wagonjwa kwa simu ile ile, akamfunika Saimi blanketi na koti lake mwenyewe, akakaa naye sakafuni.

"Ulianguka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri," Saimi alisema. "Lakini nilikuwa nangoja tangu kabla ya hapo."

Nyonga ilikuwa imevunjika. Ilitengenezwa, naye Saimi akahamishiwa kwenye wodi ya watu sita ambako, muuguzi mmoja alisema, simu za wauguzi hazijawahi kuisha chaji.

Siku moja baada ya Saimi kuanguka, Hilkka aliketi mbele ya msimamizi wake, Marjut Tervo, na kumweleza yote, hata zile dakika sita za kwenye ngazi. Alitaka mlango wa kila mzee uwe na ufunguo wa chuma ofisini. Alitaka simu mpya. Alitaka pia wazee waongezewe muda, na hilo ndilo alilolisema mwisho, kwa sauti ndogo.

Marjut alimsikiliza bila kumkatiza. Mbele yake kulikuwa na karatasi zilizochapwa.

"Maelezo yako ya ziada tumeyasoma yote," alisema. "Umeandika vizuri sana, Hilkka. Tarehe, saa, asilimia. Wengine hawaandiki."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo simu mpya hazihitajiki tena. Wateja wataishika simu mwanzoni mwa kila huduma. Tumeshaingiza kwenye ratiba."

"Na muda wao?"

"Eino Jumatano na Ijumaa anatoa nusu tu." Marjut aligeuza karatasi ili Hilkka aione. "Jumatatu anajaza. Tukimwachia Jumatatu peke yake anajaza kabisa, wala hahitaji dakika kumi na nne. Vidonge atapewa na mashine."

"Na soksi?"

"Soksi zinaweza kukaa wiki."

"Marjut, yule mzee anazunguka mlangoni. Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Najua," Marjut alisema, na ilionekana kweli anajua. "Mama yangu naye yuko kwenye orodha ya wazee wa mji wa Sotkamo. Mia kwa mia kila wiki."

Mwezi wa tatu ulikuja, theluji ikawa nzito na yenye maji. Simu ya Hilkka haikuzimika tena hata siku moja. Jumatatu moja aliingia kwa Eino akiwa na dakika tisa tu za ratiba. Eino alikuwa amekwisha kunyoosha mikono. Simu ilijaa hata kabla Hilkka hajafungua zipu ya koti.

"Imejaa?" Eino aliuliza.

"Imejaa, mzee."

"Mapema hivyo." Hakuirudisha mara moja. "Huna kingine?"

Hilkka alifungua begi. Alimpa kipima presha, Eino akakishika kwa mikono miwili, bila haraka, mpaka kikalia. Alimpa kipima sukari. Alimpa tochi ya kichwani, nayo ikawaka yenyewe, ikammulika usoni, wakaiacha iwake. Begi likaisha. Hilkka akavua saa yake ya mkononi, akaiweka kiganjani mwake, ingawa ilikuwa ya kutiwa ufunguo, isiyo na betri.

Simu ikaonyesha dakika ya tisa. Akavikusanya vitu, akafunga zipu.

"Kesho ukipata vingine, vilete," Eino alisema.

"Kesho siji, mzee. Ni Jumatatu ijayo."

"Najua," Eino alisema. "Basi Jumatatu vilete vingi."